Jambo la Wote Lisilo na Mwenyewe

(Mazungumzo na vijana wa Kitui na Makueni juu ya kuzilinda jumuiya zetu kabla balaa halijafika)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazee wetu mlioketi huku nyuma, mama zetu na dada zetu: nimeombwa nizungumze juu ya kuimarisha jumuiya. Mada hii ikitajwa, kwa kawaida tunangoja kusikia habari za michango, viti, mahema na kuandikisha wanachama. Leo naomba mnisamehe, sitayagusa hayo. Nataka tuulizane swali ambalo hatupendi kuulizana: ni kitu gani kinachoweza kuivunja jumuiya yetu, na ni nani kati yetu aliyepewa kazi ya kukiangalia?

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili asije mtu akadhani nimekuja kuwasema.

Siku kumi na moja

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana. Tulikuwa tukichanga pesa za futari kwa ajili ya familia zisizojiweza. Pesa yote ilikuwa katika laini ya simu ya mweka hazina wetu. Kijana mwaminifu, wallahi, hakuna hata mmoja aliyemtilia shaka. Basi siku ya tatu ya Ramadhani akapata ajali ya bodaboda, akalazwa hajitambui.

Alhamdulillah, alipona. Lakini kwa siku kumi na moja pesa ilikuwa pale pale kwenye simu, na hakuna mwingine aliyeijua namba ya siri. Familia kumi na nne tulizoziahidi unga na tende zilikuwa zinangoja. Usiku mmoja mama mjane akanipigia. Hakulalamika, hakunifokea. Aliniuliza tu: "Mwanangu, nisubiri au nitafute kwingine?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sauti yake naisikia.

Sasa angalieni, hapa hakuna aliyeiba wala aliyefanya hiyana. Na sote tulijua kwamba pesa iko kwa mtu mmoja, halikuwa jambo la siri. Kosa letu lilikuwa moja: hatukumpa mtu kazi ya kuuliza, "Je, huyu akiugua?" Lilikuwa jambo la wote, na jambo la wote mara nyingi halina mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema leo. Mkisahau mengine yote, shikeni hili: hatari inayojulikana na kila mtu, lakini haijakabidhiwa mtu, ndiyo inayotuumiza zaidi.

Mwaka ambao chakula kiliua

Tukitoka kwenye kikundi changu kidogo, tuangalie jambo kubwa lililotokea katika ardhi hii hii. Wengi wenu mwaka 2004 mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni. Waulizeni wazazi wenu, watawaeleza.

Miezi ya mwanzo ya mwaka ule, watu wa huku kwetu walianza kufika hospitalini macho yao yamekuwa manjano, ini limeharibika. Walikuwepo wazee, wanawake na watoto. Kufikia katikati ya mwaka walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki dunia. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Ilikuwa miongoni mwa ajali mbaya kabisa za sumu ya aina ile zilizowahi kuandikwa duniani.

Sumu yenyewe ilitoka wapi? Kwenye mahindi. Mvua ilinyesha nje ya msimu wakati wa kuvuna, mahindi yakawekwa yangali na unyevu, ukungu ukaota, na ukungu ule ukatoa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Watafiti walipowalinganisha wagonjwa na majirani zao wazima, waliona kwamba kuweka mahindi mabichi, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani, kulikwenda pamoja na ugonjwa. Walipopima mahindi ya masokoni katika wilaya zilizopigwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilivuka kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Maana mahindi yale yale ya wakulima yalikuwa yakiuzwa sokoni na kurudi tena majumbani.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, upande wa Machakos, sumu hii hii iliua watu 12. Kutoka 1981 mpaka 2004 ni miaka 23. Wataalamu walikuwa wanajua. Na bibi zetu, bila ya kusoma kitabu, walikuwa wanajua kwamba hindi lisilokauka halihifadhiwi. Basi elimu ilikuwepo juu na ilikuwepo chini. Lakini hebu jiulizeni: pale kijijini, njaa iko mlangoni na gunia limeshafika, ni nani aliyekuwa na kazi ya kusema, "Hili bado, lirudisheni juani"?

Daraja la Enziu

Kisa cha pili kiko karibu zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu karibu na Mwingi. Mto ulikuwa umefurika, maji yamelifunika daraja. Basi likasombwa. Zaidi ya watu 30 walifariki.

Hao hawakuwa watu wa dini yetu, lakini walikuwa majirani zetu na watoto wa udongo huu, na msiba ule uliingia kila nyumba. Sisemi haya kumlaumu aliyekufa. Nasema kwa sababu na sisi tunakodi mabasi. Tunakwenda maulidi, tunakwenda mashindano ya Qur'ani, tunakwenda harusi na mazishi. Na nyinyi mnajua safari zetu zilivyo. Tumechelewa, wenyeji wanapiga simu, ndani ya basi kila mtu ana maoni yake. Katika hali ile, maji yako mbele, ni nani mwenye idhini ya kusema "Tunarudi," na neno lake likawa la mwisho?

Kama hamkumchagua kabla ya kuondoka, pale mtoni hamtampata.

Ukuta unaojengwa mto ukiwa mkavu

Lakini, ndugu zangu, nchi hii imetupa pia somo la wema. Nani hapa hajawahi kuona bwawa la mchanga?

Tangu mwaka 1978 kazi ya Utooni kule Kola, na kuanzia miaka ya 1990 kazi ya SASOL hapa Kitui, zimewasaidia wananchi kujenga mamia ya mabwawa haya. Unajengwa ukuta kukata mto wa msimu. Mvua ikija, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga. Jua haliyanyonyi kwa haraka, mbu hazai humo. Robo ya ujazo wa mchanga ule, au zaidi, huweza kuwa maji. Mto unaonekana mkavu, kumbe chini umebeba akiba.

Sasa sikilizeni jinsi wajenzi wanavyofikiri. Kabla ya jiwe la kwanza wanauliza ukuta huu unaweza kufa vipi. Kwanza, msingi usipofika kwenye mwamba, maji yatapita chini yake. Pili, mabawa ya ukuta yakiwa mafupi, mafuriko yatazunguka pembeni, yatakula kingo, na ukuta utabaki umesimama peke yake katikati kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Tatu, malori ya mchanga yanaweza kuja kuchota kile kile kilichobeba maji. Kila hatari ina jibu lake na ina watu wake. Fundi anashughulikia mwamba, kikundi cha mwethya kinabeba mawe, kamati ya wanakijiji inalinda mto. Na juu ya mchanga, Makueni ilipitisha sheria yake ya kuuhifadhi mwaka 2015.

Na kazi yote hiyo inafanyika lini? Mto ukiwa mkavu. Hakuna mtu anayejenga ukuta huku maji yanateremka.

Jumuiya ni vivyo hivyo. Wakati wa kuuliza pesa itashikwa na nani ni leo tunapopendana, kabla shilingi haijapotea. Wakati wa kuandika katiba ni kabla ya uchaguzi. Anayeuliza baada ya ugomvi kuanza ataonekana ana upande.

Je, huku si kukosa tawakkul?

Najua kuna mzee hapa anasema moyoni, "Kuyahesabu mabaya ni kuyaita. Yote ni ya Mungu." Mzee wangu, yote ni ya Mungu, kweli kabisa. Lakini turudi katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) tunachokisikia kila mwaka.

Mfalme aliota ndoto. Nabii Yusuf akaifasiri kwamba itakuja miaka saba ya neema na kisha miaka saba ya shida. Hakuishia kwenye tafsiri. Aliwaambia walime, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Yaani alitoa mpaka njia ya kuhifadhi nafaka! Halafu akafanya jambo la tatu ambalo sisi tunalipita haraka: aliomba akabidhiwe hazina za nchi, akisema yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Hatari ilikuwa ya wote, yeye akaomba iwe yake.

Na katika kisa hicho hicho, Nabii Yaaqub (A.S.) aliwaagiza wanawe wasiingie wote kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Na papo hapo akawaambia kwamba yeye hawezi kuwakinga na lolote alilolitaka Mwenyezi Mungu. Yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja. Aliagiza milango mbalimbali, na akategemea. Sisi tunapenda nusu ya pili tu, kwa sababu nusu ya kwanza ina kazi.

Daftari la kurasa moja

Sasa tufanye nini? Makampuni makubwa na mabenki wana idara nzima za usimamizi wa hatari. Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa mwongozo wake, ISO 31000, mwaka 2009 na kuupitia upya mwaka 2018. Ukiumenya maganda yake ya kiofisi, ndani utakuta maswali ambayo bibi yako angeyauliza: nini kinaweza kutokea, kina uzito gani, tufanye nini, na nani aangalie.

Chukueni daftari la shule. Pigeni mistari, mpate safu tano. Ya kwanza: jambo gani laweza kutupata? Ya pili: linaweza kutokea mara nyingi au mara chache? Ya tatu: likitokea, litaumiza kiasi gani? Ya nne: tutafanya nini mapema? Ya tano, na hii ndiyo roho ya daftari: JINA na TAREHE. Msiandike "kamati". Msiandike "viongozi". Andikeni jina la mtu anayeweza kuulizwa, na siku atakayoulizwa.

Nitawapa mambo manne ya kuanzia.

La kwanza ni pesa. Pesa ya jumuiya isikae katika laini ya mtu binafsi. Fungueni akaunti yenye sahihi tatu, na wawili kati yao waweze kutoa. Mmoja akisafiri au akiugua, kazi iendelee. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu, hata kama ni shilingi mia tatu. Na msiseme, "Huyu ni mcha Mungu, tumwamini." Mwaminifu ndiye anayehitaji kulindwa zaidi, maana siku pesa ikikosekana hana karatasi ya kujitetea.

La pili ni chakula cha futari. Ramadhani ya miaka hii inaangukia karibu na mavuno ya mvua za vuli, na tunanunua mahindi mapya. Aliyechaguliwa achukue chupa kavu, atie chumvi kavu na punje chache za mahindi, atikise vizuri, kisha aache kidogo. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yasiingie ghalani. Lakini fahamuni kwamba chupa inapima unyevu tu. Sumukuvu haionekani kila mara, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo ulizeni pia mahindi yalianikwa wapi, chini au juu ya turubai, na kama yaliwahi kunyeshewa. Mkikosa uhakika, nunueni unga uliopimwa. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, au mtumie mifuko isiyopitisha hewa. Na yaliyooza msimpe ng'ombe, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa. Gunia la bei ya kutupa si sadaka kama litamfikisha maskini hospitalini.

La tatu ni safari. Kabla basi halijaondoka, amiri wa safari atajwe kwa jina, dereva na abiria wote wasikie. Sheria iwe moja na fupi: maji yakiwa juu ya daraja, hatuvuki. Hakuna kura, hakuna kubembelezana. Orodha ya abiria na namba za simu za nyumbani ibaki kwa mtu asiyesafiri. Na mwenyeji aambiwe mapema kwamba tunaweza kuchelewa. Harusi hungoja.

La nne ni ugomvi. Hili ndilo linaloua jumuiya nyingi kuliko wizi. Mnaikumbuka Makueni ya mwaka 2014? Gavana na bunge la kaunti walikuwa hawaelewani juu ya bajeti. Mwezi wa Septemba risasi zikalia katika bunge la kaunti pale Wote, watu wakajeruhiwa. Wananchi wakapeleka ombi kaunti ivunjwe, tume ikaundwa, na mwaka 2015 tume ikapendekeza ivunjwe kweli. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Kaunti iliyokaribia kufa namna ile ikaja baadaye kusifiwa kwa kuwashirikisha wananchi, kuanzia kijijini, katika kupanga miradi na kuisimamia kwa kamati zao. Somo ni kwamba nyumba iliyopasuka yaweza kusimama tena, ila ni kwa utaratibu, kusameheana mdomoni peke yake hakutoshi. Basi andikeni leo: kiongozi anakaa miaka mingapi, hesabu inakaguliwa na nani, na tukigombana tutakwenda kwa mzee gani. Mzee huyo mkubaliane naye leo, wakati hakuna kesi.

Isibaki karatasi

Nawaonya jambo moja. Daftari likiandikwa na kufungiwa kabatini ni sawa na ukuta uliojengwa juu ya mchanga mtupu, haukufika mwambani. Lifungueni kila baada ya miezi mitatu. Someni jina kwa jina: "Fulani, ulipewa habari ya mahindi, umefanya nini?" Aliyefanya ashukuriwe. Aliyeshindwa asidharauliwe, apewe msaidizi au abadilishwe. Mkigeuza daftari kuwa fimbo, watu wataficha matatizo, na tatizo lililofichwa ndilo linalokuja usiku.

Na kijana mdogo akisema, "Mimi naona hili si sawa," msimnyamazishe kwa kuwa ni mdogo. Huenda yeye ndiye aliyekaa karibu na dirisha na kuyaona maji.

Kikundi changu kile hakikufa. Tulirudi, tukafungua akaunti, sahihi tatu. Mwaka uliofuata mweka hazina wetu alisafiri Ramadhani nzima, na hakuna aliyekosa unga. Yule mama mjane tulimpelekea fungu lake siku ya kwanza. Akalipokea, akalipima kwa mkono, akasema, "Mwaka huu mmewahi." Basi. Maneno matatu. Kwangu mimi yalitosha kuliko cheti.

Ndugu zangu, nawaachia kazi kabla ya Idd. Kaeni watano au sita baada ya Tarawehe, nusu saa tu. Andikeni hatari tano za jumuiya yenu. Mbele ya kila moja muandike jina. Na ikifika ile ambayo kila mtu anatazama chini, hakuna anayeitaka, jueni kwamba hiyo ndiyo. Mmoja wenu ainue mkono, aseme, "Hii niandikieni mimi."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaotangulia kujiandaa na kisha wakamtegemea Yeye, awarehemu waliotangulia, na atupokelee funga zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.